Seoul kwa miguu: mfalme, mvua na mkulima asiyesoma

Wenzangu wa promo, na nyinyi wadogo mungali auditoire, leo nawaletea historia kidogo. Si historia ya vita. Ni historia ya mvua, udongo na kodi, na ya kosa moja ambalo sisi agronomu tunalifanya mpaka leo, mimi nikiwa wa kwanza.

Nilipata bahati ya kufuata mafunzo mafupi ya kilimo Korea ya Kusini. Jumamosi moja tulipewa mapumziko. Wenzangu walienda kutafuta simu na viatu. Mimi nikapanda metro, nikashuka kituo cha Gyeongbokgung, katikati ya Seoul, bila kiongozi. Nilikuwa na ramani kwenye simu, chupa ya maji, na swali moja: watu walioujenga mji huu zaidi ya miaka 600 iliyopita, mkulima walimuweka wapi?

Mwaka 1392 jenerali Yi Seong-gye alipindua utawala wa zamani na kuanzisha ufalme wa Joseon, uliodumu zaidi ya miaka 500. Mwaka 1394 alihamishia mji mkuu hapa, wakati ule ukiitwa Hanyang. Ikulu kubwa, Gyeongbokgung, ilimalizika mwaka 1395. Mwaka uliofuata wakazungusha mji kwa ukuta wa kilometa 18 na zaidi, ukipita juu ya milima minne.

Sasa sikilizeni mpango wao. Ikulu inatazama kusini. Upande wa kushoto wa mfalme, yaani mashariki, walijenga Jongmyo, nyumba ya kuheshimia mababu wa ukoo wake. Upande wa kuume, magharibi, walijenga Sajikdan, madhabahu ya udongo na nafaka. Mababu upande mmoja, shamba upande mwingine, mfalme katikati. Majina ya sehemu hizo mbili yakiunganishwa, Wakorea walikuwa wanamaanisha serikali yenyewe. Kusema "mababu na nafaka viko hatarini" ilikuwa sawa na kusema nchi inaanguka.

Nilianzia Sajikdan, juu iko karibu na kituo. Nilitegemea kitu kikubwa. Kumbe ni majukwaa mawili tu ya mraba, mafupi, yako wazi juani, yamezungukwa na ukuta unaoweza kuchungulia. La mashariki ni la udongo, la magharibi ni la nafaka. Hakuna dhahabu, hakuna paa. Wazee walikuwa wamekaa kwenye mabenchi pembeni, watoto wanakimbia. Wajapani walipoitawala Korea, sehemu hii waliifanya bustani ya kupumzikia. Ukitaka kuvunja nchi ya watu, hauhitaji kubomoa kila kitu. Pengine inatosha kugeuza mahali pao patakatifu pawe pa kutembezea watoto.

Nikarudi mashariki, robo saa hivi kwa miguu, mpaka Gwanghwamun, mlango mkubwa wa ikulu. Ukiuona utadhani umesimama pale tangu zamani. Hapana. Ikulu iliungua mwaka 1592 wakati wa uvamizi wa Wajapani, ikabaki magofu kwa miaka 270 na zaidi, ikajengwa upya katika miaka ya 1860. Mwaka 1910 Japani ikaichukua nchi yote. Nyumba nyingi za ikulu zikabomolewa, na mwaka 1926 jengo kubwa la mawe la utawala wa kikoloni likamalizika ndani ya uwanja wa ikulu, mbele kabisa, kuziba macho ya watu. Mlango wenyewe ulihamishwa pembeni, halafu ukaharibiwa katika vita ya Korea. Lile jengo la wakoloni Wakorea walianza kulibomoa tarehe 15 Agosti 1995, siku ya kukumbuka miaka 50 ya uhuru. Mlango ulirudishwa mahali pake, kwa mbao, mwaka 2010.

Agronomu hawezi kupita hapo bila kufikiri juu ya mchele. Kuanzia mwaka 1920 utawala ule wa kikoloni uliweka mpango wa kuongeza mavuno ya mpunga Korea: mifereji, mbegu mpya, mbolea. Mavuno yaliongezeka kweli. Lakini mchele ulipanda meli kwenda Japani, na Mkorea wa kawaida akabaki anakula mchele mdogo kuliko zamani, akijaziliza na mtama kutoka nje. Sisi tulio na babu waliolimishwa pamba kwa lazima tangu sheria ya Wabelgiji ya mwaka 1917, hadithi hiyo hatuhitaji kutafsiriwa. Kuongeza mavuno na kushibisha mkulima ni mambo mawili tofauti.

Mbele ya mlango kuna uwanja mrefu, na katikati yake sanamu ya mfalme Sejong, aliyetawala kuanzia mwaka 1418 mpaka 1450. Amekaa na kitabu mkononi. Watu wengi wanapiga picha na sura yake. Mimi niliinama kuangalia vyombo vilivyowekwa mbele yake, juu kimoja kati ya hivyo nilikijua: kipima mvua.

Hicho kina hadithi yake. Kabla yake, mvua ikinyesha, maafisa walikuwa wanachimba udongo kuona maji yameingia mpaka wapi, halafu wanaandika ripoti. Nyinyi mliofanya kozi ya udongo mnaona tatizo lenyewe. Udongo uliokauka na udongo uliokwisha kulowana haunywi maji sawasawa. Mvua ileile itakupa vipimo viwili. Mwaka 1441 mtoto wa mfalme, aliyekuwa na wasiwasi juu ya ukame, aliliona tatizo hilo. Wakaacha kupima ndani ya udongo, wakapima maji yenyewe, ndani ya chombo cha chuma kama gudulia lililonyooka. Mwaka 1442 wakakubaliana kipimo kimoja, kina cha sentimita 30 na kidogo, wakakitawanya majimboni. Kila afisa aliandika siku, saa mvua imeanza, saa imeacha, na kina cha maji. Ulaya, Mwitalia Benedetto Castelli alipima mvua kwa chombo mwaka 1639, karibu miaka 200 baadaye.

Kwa nini mfalme alijali mvua hivyo? Kodi. Serikali iliishi kwa nafaka ya mkulima, na afisa aliyekuja kukadiria mavuno aliweza kuandika anachotaka. Mwaka 1430 Sejong alipendekeza kodi mpya, na kabla ya kuamua akaamuru watu waulizwe, kuanzia wakubwa mpaka wakulima. Waliulizwa zaidi ya watu 170,000. Kama 98,000 walikubali, kama 74,000 wakakataa. Mfalme ambaye hakuna mtu angemzuia aliona 74,000 ni wengi, akarudi kufanya kazi. Sheria ilikamilika mwaka 1444: mashamba yakagawanywa katika ngazi 6 kufuata rutuba, na miaka katika ngazi 9 kufuata mavuno. Miaka 14 ya kusikiliza na kusahihisha.

Tusimfanye malaika. Nchi ile ilikuwa na watumwa, na utumwa haukufutwa kisheria mpaka mwaka 1894. Lakini kuna jambo lingine lililonishika pale uwanjani. Mwaka 1429, kwa amri yake, kilitungwa kitabu cha kilimo kinachoitwa Nongsa jikseol. Zamani walitumia vitabu vya China. Sejong akasema udongo wetu si wa China, basi waulizeni wakulima wazee wa kila jimbo wanafanyaje. Wakaulizwa: namna ya kuchagua mbegu, kulima, kupanda mpunga, mtama, maharagi. Kitabu kilitoka kwenye midomo ya wakulima.

Halafu kikaandikwa kwa maandishi ya Kichina, ambayo wakulima walewale hawakuweza kuyasoma.

Hapo nilikaa chini kwenye ngazi. Nilikumbuka mama mmoja wa Walungu. Nilipima maharagi kwenye shamba lake msimu mzima kwa ajili ya memoire yangu ya lisanse. Alinipikia bugali, alinionyesha sehemu zinazokauka haraka, alinitajia aina za udongo wake kwa majina ya Mashi. Nikatetea kazi yangu kwa Kifaransa, nikapata distinction, tukapiga picha na maua. Kule kwake sikurudi. Kabla ya safari tulikutana barabarani, akaniuliza: "Mwanangu, ulikuya kuuliza, ukaenda. Ile kitabu yako inasema nini juu ya shamba yangu?" Nikacheka, nikamwambia nitapita. Sikupita.

Sejong angalau aliendelea. Mwaka 1443 alikamilisha herufi mpya za lugha ya Kikorea, akazitangaza mwaka 1446, ili mtu wa kawaida aweze kuandika anachotaka kusema. Wasomi wa ikulu walimpinga: kwao, kuacha maandishi ya Kichina ni kujishusha. Yeye hakuacha. Leo Korea nzima inasoma kwa herufi hizo.

Nilimalizia mbali kidogo. Nilitembea mashariki kwa barabara ya Jongno mpaka karibu na Jongmyo, nikapanda metro ya laini ya 1, vituo vitano, nikashuka Jegi-dong, mtaa wenye soko kubwa linalonuka dawa za mizizi. Kati ya nyumba za watu kuna Seonnongdan, madhabahu mengine madogo. Hapo mfalme alikuja kuomba mavuno, halafu akashika jembe la ng'ombe mwenyewe, mbele ya watu. Mti wa zamani sana bado umesimama hapo. Watu wanasimulia kwamba supu ya mifupa ya ng'ombe, seolleongtang, ilianzia hapa, kwa kulisha waliohudhuria. Ni hadithi ya mtaani, lakini niliinywa, ni tamu.

Niliporudi nyumbani, wiki ya pili nilipanda moto mpaka Walungu. Mama alikuwa shambani. Nikamsomea matokeo yangu kwa Kiswahili, yeye akawa anawageuzia majirani kwa Mashi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Sawa. Lakini ulipima chini tu. Kule juu udongo inakunywa mvua ingine namna." Akachoma jembe ardhini, akanionyesha namna anavyoangalia unyevu umefika wapi kabla ya kupanda. Alikuwa amenionyesha hivyo tangu siku ya kwanza. Sikuandika, juu hakukuwa na kitabu cha kuweka kwenye biblografia.

Sasa pale kwake kuna chupa ya plastiki niliyoikata, tumeifunga kwenye mti na rula ndani. Mtoto wake wa shule anaandika: siku, saa, milimita. Mama bado anachoma jembe lake, na kila Jumapili tunalinganisha vipimo viwili kwa simu.

Wahitimu wenzangu, kila mmoja wetu ana memoire kwenye kabati, na ndani yake kuna shamba la mtu. Mwenye shamba amekwisha kusomewa?