Uchanganuzi wa njia muhimu

Uchanganuzi wa njia muhimu ni mbinu ya kupanga ratiba ya mradi kwa kutafuta mfululizo mrefu kuliko yote wa kazi zinazotegemeana. Jumla ya siku za mfululizo huo ndiyo muda mfupi kabisa unaoweza kutosha kumaliza mradi.

Ilibuniwa nchini Marekani miaka ya 1950, hasa na Morgan Walker wa kampuni ya DuPont na James Kelley wa Remington Rand.

Tuchukue mfano wa ujenzi wa darasa. Msingi huchukua siku 10, kuta pamoja na lenta siku 14, kusubiri zege la lenta likomae siku 7, na kuezeka siku 6. Kila hatua hungoja iliyotangulia, hivyo jumla ni siku 37. Madawati huchongwa kwa seremala kwa siku 20 tangu siku ya kwanza. Yana nafasi ya siku 17. Kuongeza maseremala hakuwahishi ufunguzi hata kidogo, lakini mwashi akichelewa siku moja, darasa zima linachelewa. Wanafunzi wengi huziacha siku za kusubiri zege kwa kuwa mafundi wamekaa tu. Ni kosa: siku hizo nazo huhesabiwa.

Njia muhimu huweza kuhama. Mbao zikichelewa kwa siku 18, madawati yatakamilika siku ya 38, na sasa hayo ndiyo yanayoamua tarehe ya kufungua. Kwa sababu hiyo hesabu hurudiwa kadiri kazi inavyoendelea.