Riziki ya Krapf Mombasa

Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani wa C.M.S., alifika Unguja mwezi wa Januari 1844. Hakuwa na kanisa la kumpokea, wala kamusi ya Kiswahili. Alikuwa na mkewe Rosine, na imani kwamba Yule aliyemwita atamkimu. Seyyid Said, mtawala Mwislamu, alimpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake. Mwezi wa Mei akafanya makao Mombasa, na tarehe 8 Juni akaanza kufasiri Kitabu cha Mwanzo, akisaidiwa na kadhi wa mji, Ali bin Muhiddin.

Ndipo homa ikaingia nyumbani. Rosine alikuwa amejifungua binti siku chache tu zilizopita. Tarehe 13 Julai akafariki, na mtoto akamfuata. Krapf, naye mgonjwa hoi, akawazika bara, ng'ambo ya kisiwa. Hakurudi kwao. Aliwaandikia wakuu wake kwamba kaburi lile ni alama ya vita vilivyokwisha kuanza.

Waandishi wa habari za misheni aghalabu husimama hapo kaburini. Walakini riziki aliyoihitaji Krapf kuliko chakula ilikuwa ni lugha, nayo ilimjia kwa mkono wa kadhi, mtu asiyekuwa wa dini yake. Jambo hili halijasifiwa vya kutosha. Johannes Rebmann, mmisionari mwenzake, hakufika mpaka mwaka 1846. Kamusi ya Krapf ilichapwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake.