Isotopi

Isotopi ni atomi za elementi moja zenye idadi sawa ya protoni lakini zinazotofautiana kwa idadi ya nyutroni, na kwa hiyo kwa masi. Klorini ya asili ina isotopi mbili thabiti: klorini-35 (takriban asilimia 76) na klorini-37 (takriban asilimia 24). Ndiyo maana masi yake ya wastani ni 35.45, si 36 iliyo katikati ya 35 na 37.

Jaribio la darasani. Maharage yanayouzwa kwa kilo sokoni Kariakoo, Dar es Salaam, yanatosha kuonyesha wastani huu, pamoja na mizani ndogo ya kidijitali. Tuseme bakuli lina punje 100: ndogo 75 za gramu 0.3 kila moja (mfano wa klorini-35), na kubwa 25 za gramu 0.5 (mfano wa klorini-37). Hesabu ya wastani ni (0.75 × 0.3) + (0.25 × 0.5) = gramu 0.35. Hakuna punje hata moja yenye uzito huo. Wastani umeelemea upande wa zilizo nyingi.

Mfano wa Tanzania. Urani ya Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, kama urani yoyote ya asili, ina takriban asilimia 99.3 ya urani-238 na asilimia 0.7 ya urani-235. Kwa hiyo masi yake ya wastani ni 238.03.