Mzani, Kinu na Daftari: Safari ya Pamba ya Kanda ya Ziwa

Leo tuache kidogo habari za kupalilia na kunyunyizia dawa. Tuzungumze juu ya safari ya pamba baada ya kutoka shambani. Tutaifuata huko Mwanza, Shinyanga, Geita na Ukerewe, tangu siku za ukoloni mpaka leo. Na wewe unayelima kahawa au korosho usiondoke, maana habari hii inakuhusu.

Kwanza tuelewane jambo moja. Pamba unayochuma ina mbegu ndani yake. Ikipita kwenye kinu cha kuchambulia, katika kila kilo 100 nyuzi ni kama theluthi moja tu. Sehemu kubwa ya uzito ni mbegu. Nyuzi hufungwa marobota zikaenda kwenye viwanda vya nguo, na nyingi husafirishwa nchi za nje. Mbegu nyingine hurudi shambani kupandwa, nyingine hukamuliwa mafuta, na mashudu yake hulishwa ng'ombe. Basi gunia lako moja lina nyuzi, lina mafuta, lina na chakula cha mifugo. Anayejua bei ya kila kimoja ndiye mwenye nguvu katika biashara hiyo.

Sasa turudi nyuma. Kabla ya miaka ya 1950, mkulima wa Usukuma alikuwa na shamba lake na jembe lake tu. Wanunuzi na wenye vinu walikuwa watu wengine, wengi wao wafanyabiashara wenye asili ya Asia. Mkulima alibeba pamba yake mpaka kituoni, mnunuzi akaipima kwa mzani wake mwenyewe, akataja uzito, akalipa. Malalamiko yalikuwa mengi kwamba mzani unapunja. Lakini utabisha vipi, na mzani si wako, wala kuusoma hujui?

Wakulima walifanya nini? Mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika baadhi ya sehemu, walichangishana fedha wakaweka wapimaji wao. Pamba ikapimwa kwanza na mtu wao, ndipo ipelekwe kwa mnunuzi. Jambo dogo hilo, lakini ndilo lililofungua njia. Aliyekwisha kujua uzito wa mali yake haogopi kuuliza bei.

Kijana mmoja wa kanda ile, Paul Bomani, alikuwa kati ya waliozunguka vijijini kuwahimiza wakulima waungane. Baadaye alikwenda Uingereza, chuo cha Loughborough, kusomea ushirika. Vyama vya msingi vikaandikishwa, vikajiunga katika vyama vikubwa, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Miaka ya 1950 ilipokaribia kwisha, pamba ya kanda yote ilikuwa inanunuliwa na wakulima wenyewe kwa njia ya vyama vyao.

Hawakuishia hapo. Waliona kwamba hata wakishika mzani, faida ya kuchambua inabaki kwa mwenye kinu, nao wanamlipa ada. Kwa hiyo shirikisho likaanza kujenga na kununua vinu vyake. Tazameni mpango huo, ndugu zangu: kwanza mzani, halafu ununuzi, halafu kinu. Hatua moja ilitoa fedha na ujuzi wa kupanda hatua ya pili. Siku hizi wataalamu huuita mnyororo wa thamani. Wakulima wale waliushika pete moja moja.

Lakini mnyororo hukatika pia. Shirikisho lilipokua, ofisi ziliongezeka, watumishi wakawa wengi, na gharama zao zikakatwa kwenye bei ya mkulima. Mwanachama wa kijijini hakuwa na habari ya hesabu za mjini. Manung'uniko yakazidi katika sehemu mbalimbali za nchi, na mwaka 1966 serikali ikaunda tume kuchunguza vyama vya ushirika. Tume ilikuta ubadhirifu na uongozi mbovu katika vyama vingi. Basi shirikisho likawekwa chini ya usimamizi wa serikali, na mahali pake pakashikwa na Chama Kikuu cha Nyanza.

Mwaka 1976 vyama vikuu vikavunjwa, vijiji vikawa vinauza moja kwa moja kwa mamlaka za mazao. Malipo yakawa yanachelewa, na mkulima hakuwa na chombo chake cha kudai. Sheria mpya ya ushirika ilitungwa mwaka 1982, na vyama vikuu vikarudi mwaka 1984, lakini vilirudi na mzigo wa madeni.

Mwaka 1994 sheria iliwaruhusu wanunuzi binafsi. Vinu vipya vikajengwa, fedha taslimu zikaonekana. Ila kwa sababu kila mnunuzi aligombea kilo, pamba safi na pamba fifi zikaanza kununuliwa kwa bei moja. Wengine wakatia maji na mchanga gunia lipate uzito, na sifa ya pamba yetu ikashuka huko nje. Aliyetia mchanga alidhani anampunja mnunuzi, kumbe alikuwa anaipunja bei ya jirani yake na ya kwake pia. Mwaka 2018 serikali iliagiza pamba ipitie tena kwenye vyama vya msingi.

Kwa hiyo mzani umerudi mikononi mwa chama. Je, daftari limerudi? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika mkutano mkuu ujao, mwanachama asimame aulize: Mzani wetu ulikaguliwa lini? Pamba tuliyouza ilitoa nyuzi kiasi gani, na mbegu zilikwenda wapi? Makato haya ni ya nini, na nani aliyapitisha? Asiyejua kusoma amsimamishe kijana wake amsomee. Kuuliza si ugomvi. Wazee wale wa miaka ya 1950 walianza kwa swali la uzito tu, wakaishia kumiliki vinu. Watoto wao walipoacha kuuliza, vinu vikawaponyoka.

Haya ndugu wakulima, chambueni pamba yenu vizuri, safi mbali na fifi mbali. Kwaherini.