Gitaa la besi lenye nyuzi chafu

Wiki iliyopita mazoezini tulibishana mpaka jua likazama. Gitaa letu la besi limechubuka rangi, nyuzi zimekuwa nyeusi, na kile kichuma kimoja cha shingoni kimelegea, kinakwaruza. Wengine wakasema tuchange tununue nyuzi mpya. Wengine, aa, liacheni hivyo hivyo. Ndiyo maana leo tunawaletea habari za James Jamerson.

Jamerson alizaliwa 1936 kule South Carolina, kusini mwa Marekani. Mwaka 1954 akawa Detroit, ambako mama yake alikwenda kutafuta kazi, kama watu weusi wengi wa kusini walivyohama miaka ile. Shuleni alijifunza ile besi kubwa ya mbao, ya kupigwa ukisimama. Baadaye akaingia studio za Motown, kwenye kundi la wapigaji walioitwa Funk Brothers.

Sasa sikieni hali ya gitaa lake, Fender Precision la 1962. Nyuzi zake zilikuwa nene, za juu laini, na habadilishi mpaka mmoja ukatike. Tena zilikaa juu sana, mbali na shingo, yaani mtu mwingine akilishika vidole vinamuuma. Chini ya kifuniko cha nyuma kulikuwa na kipande cha sponji cha kuzima mlio usivutike. Na mkono wa kulia alitumia kidole kimoja tu, cha shahada! Inasimuliwa kwamba aliamini uchafu wa nyuzi ndio unaotunza utamu. Si maneno ya uvivu. Uzi mpya unalia kama kengele. Uliochakaa unatoa mdundo mfupi, mzito, unaomwachia mwimbaji nafasi yake.

Lakini kinachotuuma ni kingine. Miaka yote ya sitini dunia ilicheza kwa besi yake, na majalada ya sahani hayakumtaja. Waimbaji walijulikana, yeye hapana. Jina lake lilikuja kuandikwa 1971, kwenye albamu ya Marvin Gaye, What's Going On. Mwaka uliofuata Motown ikahamia Los Angeles. Jamerson naye akaenda huko, ila kazi zikapungua, na pombe ikamzidi.

Alifariki tarehe 2 Agosti 1983, ana miaka 47. Siku chache kabla, lile gitaa lilikuwa limeibiwa. Mwaka 2000 ndipo akaingizwa Rock and Roll Hall of Fame, yeye hayupo, gitaa halipo.

Kuhusu letu: Jumamosi fundi atakigonga kile kichuma kikae. Nyuzi tumeziacha kwanza. Na kwenye rekodi yetu ya kwaya, mpigaji besi tumemwandika jina, juu kabisa, ingawa mwenyewe anaona aibu.