Digrii ya Jasho

Mwaka 1963, wazee wetu wakiwa wanangoja bendera mpya, James Conant alichapisha kitabu huko Marekani kuhusu jinsi walimu wanavyoandaliwa. Conant hakuwa mtu wa kupuuzwa. Alikuwa mkemia aliyeongoza Chuo Kikuu cha Harvard kwa miaka 20, na akifungua mdomo kuhusu elimu, wakuu wa vyuo walitega sikio. Ndani ya kitabu hicho alizigeukia idara za elimu ya viungo, zile zilizotoa walimu wa P.E. Maelezo ya kozi zao za shahada za juu yalimkera sana, akapendekeza zifutwe. Si kurekebishwa. Kufutwa.

Ukijiuliza kwa nini leo kuna digrii inayoitwa kinesiolojia, au sayansi ya mazoezi, anzia kwenye dharau hiyo.

Aliyeijibu vizuri zaidi ni Franklin Henry, profesa wa Berkeley, California, mtu aliyesomea saikolojia kabla ya kuingia idara ya elimu ya viungo. Mwaka 1964 alichapisha makala fupi iliyosema hivi, kwa maneno yangu: mwili unaosonga ni uwanja wa elimu unaojitegemea, hata kama hakuna mtu darasani anayetaka kuwa mwalimu. Anatomia inaijua mifupa, fizikia inaijua nguvu, saikolojia inajua jinsi tunavyojifunza. Lakini ni nani kati yao anayekaa chini kuuliza mtoto anajifunzaje kurusha mpira, au kwa nini mkimbiaji anaishiwa na pumzi kwenye mzunguko wa mwisho? Huwezi kuokota kipande hapa na kipande pale ukaita hiyo elimu. Nimeisoma makala hiyo. Haisisimui hata kidogo, inasomeka kama rufaa ya mtu aliyeonewa. Lakini ilishika.

Idara zikaanza kubadilisha majina, moja baada ya nyingine. Sayansi ya mazoezi, sayansi ya michezo, na hatimaye kinesiolojia, neno lenye mzizi wa Kigiriki lenye maana ya mwendo, ambalo ndilo jina lililopendekezwa mwaka 1989 na akademia ya wasomi wa fani hiyo kule Marekani. Idara ya Henry mwenyewe ilibadilishwa jina pia, kisha ikafungwa mwaka 1997. Mganga hajigangi.

Kinachonishangaza kwenye hadithi hii ni kwamba Conant aliandika kana kwamba sayansi ya mazoezi haijawahi kuwepo, ilhali moja ya maabara zake kubwa kabisa ilikuwa chini ya pua yake. Harvard Fatigue Laboratory, yaani Maabara ya Uchovu, ilifunguliwa mwaka 1927. Haikuwekwa kwenye shule ya udaktari, wala kwenye jumba la mazoezi. Iliwekwa kwenye ghorofa ya chini kabisa ya shule ya biashara, ikapewa pesa na Rockefeller Foundation. Sababu ni rahisi: swali lililoianzisha halikuwa la michezo. Swali lilikuwa, kwa nini mfanyakazi huchoka? Ukilitazama vizuri, hilo ni swali la mwajiri.

Mkuu wake alikuwa Lawrence Henderson, mkemia wa damu, na aliyeendesha kazi ya kila siku ni David Bruce Dill. Walikuwa na mashine ya kukimbilia, na waliipandisha watu wa kila aina, wakiwemo wao wenyewe. Mmoja wao alikuwa Clarence DeMar, mpiga chapa aliyeshinda mbio za Boston Marathon mara 7. Waligundua kwamba kwa kasi iliyowaacha wengine wakihema na damu yao ikijaa asidi ya laktiki, damu ya DeMar haikubadilika sana. Huyu ndiye mtu ambaye zamani daktari alimsikiliza moyo akamshauri aachane na mbio. Hakuacha. Alipofariki mwaka 1958, kwa saratani, madaktari waliuchunguza moyo wake wakakuta mishipa yake mikuu ina upana mara mbili au tatu ya mishipa ya mtu wa kawaida.

Lakini kazi kubwa ya maabara ile ilifanyika nje, mahali watu walipotoa jasho la mshahara. Mwaka 1932 walienda jangwani Nevada, ambapo bwawa la Hoover lilikuwa likijengwa na joto lilikuwa likiangusha vibarua, wakapima jasho na chumvi inayopotea nalo. Mwaka 1935 walipanda milima ya Chile kuwapima wachimba migodi walioishi mahali ambapo mgeni anatembea hatua 20 kisha anakaa. Mwaka 1939 walienda Mississippi kuwapima wakulima wa mashamba ya pamba, weusi na weupe, watu maskini waliolima ardhi ya wengine na kugawana mavuno na mwenye shamba. Vita vilipokuja, waligeukia wanajeshi, na hapo ndipo lilipozaliwa jaribio la benchi: panda, shuka, mara 30 kwa dakika, dakika 5, kisha hesabu mapigo ya moyo yanavyotulia. Katika miaka 20 walichapisha zaidi ya makala 300 za kisayansi. Mwaka 1947 maabara ikafungwa, na watu wake wakatawanyika kwenda kuanzisha maabara nyingine kwingineko. Rais wa Harvard wakati huo? James Conant.

Hiyo historia hakuna aliyenifundisha, na nilikaa miaka miwili kwenye kozi hiyo hiyo, katika chuo kimoja hapa nchini ambacho jina lake nitaliacha. Niliondoka karo iliposhinda mkopo. Kozi yenyewe niliipenda. Ilikuwa na anatomia ya kukesha nayo, fiziolojia, hesabu za wenzo na pembe za goti, takwimu. Mashine ya kukimbilia tuliyokuwa nayo ilikuwa imekufa kabla sijaripoti, ikawa ya kuanikia makoti meupe. Kwa hivyo tulifanya lile jaribio la benchi, tukihesabu mapigo kwa vidole na saa ya simu, bila kujua limetoka kwenye vita gani. Linafanya kazi vizuri tu, kwa taarifa yako. Unahitaji benchi, na mtu wa kukuhesabia.

Nyumbani, swali lilikuwa lile la Conant, ila kwa Kiswahili. Ami yangu aliuliza mbele ya watu, sahani ya pilau mkononi: "Kwani mtu anaenda yunivasiti kusomea P.E.?" Sikumlaumu. Sote tuliopitia 8-4-4 tunajua kipindi cha P.E. kilikuwa nini. Kilikuwa kwenye ratiba, halafu mwalimu wa hesabu akaingia nacho darasani. Hakikutahiniwa, basi hakikuwepo. Ukifundishwa hivyo miaka 12, utaaminije kwamba mwili una elimu ndani yake?

Na hiyo ni ajabu kwa nchi hii, kwa sababu wenzetu waliamini zamani, na waliamini kwa kututazama sisi. Mwaka 1968 jijini Mexico City, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,200, Naftali Temu, Amos Biwott na Kipchoge Keino walichukua dhahabu, na kuanzia siku hiyo miguu yetu ikawa mtihani wa watafiti. Mwaka 1990 Bengt Saltin, bingwa wa fiziolojia kutoka Sweden, alileta wakimbiaji wa kwao hadi Iten, shule ya St. Patrick's, akawapima pamoja na vijana wetu. Kiwango cha juu cha oksijeni walichoweza kutumia hakikutofautiana sana kati ya wakali wa pande zote mbili. Tofauti ilikuwa kwenye matumizi: Mkenya alikimbia kasi ile ile kwa gharama ndogo zaidi, kama pikipiki isiyokunywa mafuta. Baadaye wenzake wa Denmark walikuja Nandi, wakapima mpaka unene wa ndama za miguu.

Sina ugomvi na Saltin, kazi yake ilikuwa safi. Ila angalia nani yuko juu ya mashine na nani ameshika kalamu. Ndiyo maana nilifurahi nilipokutana na makala za Vincent Onywera wa Kenyatta University, aliyefanya kazi na wenzake wa Scotland. Mwaka 2004 walichapisha matokeo ya kupima chakula cha wakimbiaji wetu kambini, sahani kwa sahani, wiki nzima. Zaidi ya robo tatu ya nishati yao ilitoka kwenye wanga. Ugali, na chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha. Mama yeyote wa Uasin Gishu angekuambia hivyo bure, lakini angekuambia bila vipimo, na Conant hangemsikiliza.

Sasa mimi ningependa tulirudie lile swali la ghorofa ya chini, la uchovu, na safari hii liulizwe na anayechoka. Mkimbiaji amepimwa mpaka damu. Vipi kuhusu jamaa wa mkokoteni anayetoka Marikiti saa kumi alfajiri na magunia ya viazi? Moyo wake unapiga mara ngapi kwa dakika akipandisha mlima? Anapoteza chumvi kiasi gani? Kijana wa mjengo anayepandisha zege ghorofa ya sita kwa karai, mgongo wake utafika miaka 50? Hizo zote ni hoja za digrii hii, na hazihitaji uwanja wala medali.

Chini ya mtaala mpya, sekondari ya juu ina njia tatu, na moja ni ya sanaa na sayansi ya michezo. Binamu yangu alinipigia simu kuniuliza kama hiyo ni njia ya watu wanaotoroka hesabu. Nikamwambia achukue benchi, apande na kushuka dakika 5, kisha anitumie namba.