Laki Moja, Namba ya Wote

Tunapoadhimisha kumbukumbu ya hekalu letu hapa Ngokolo, tumeona vema kuikumbuka namba ambayo waumini na majirani huitamka kila siku, sokoni na madukani: laki.

Moja, mbili na tatu ni maneno ya Kibantu. Sita, saba, tisa, mia na elfu yametoka Uarabuni. Laki ilivuka bahari kutoka Bara Hindi: kwa Kisanskriti laksha, kwa Kigujarati lakh. Neno sifuri nalo lina safari yake. Mwaka 628 Brahmagupta aliandika kanuni za kuhesabu kwa sifuri. Wahindi waliiita shunya, yaani tupu. Waarabu wakaitafsiri sifr, nasi tukaipata kwa Kiswahili. Katika chopda, vitabu vyao vya hesabu, wazee wetu waliandika 1,00,000, wakitenga tarakimu tatu za kulia, kisha mbili mbili.

Laki ni namba yenye ukarimu. Imejengwa kwa mbili tano na tano tano zilizozidishwa pamoja, ikapata vigawo 36. Washirika wawili, wanne, watano, wanane, hata 32, huigawana bila mabishano. Wakiwa watatu, kila mmoja hupata 33,333, na shilingi moja hubaki mezani. Wakiwa tisa, kila mmoja hupata 11,111, na shilingi moja hubaki vilevile.

Namba hiyohiyo iliwahi kuwa mpaka. Aprili 1971, Sheria ya Kutwaa Majengo iliyaweka mikononi mwa serikali majengo ya kupangisha yenye thamani iliyozidi shilingi 100,000. Wengi wa jamii yetu nchini walihama, wakaelekea Uingereza, Kanada na India. Wengine tulibaki. Nyumba zilihesabiwa upande huu au ule wa laki. Ujirani haukuwa na namba ya kuupimia.

Ndiyo maana tunaipenda desturi ya wazee wetu ya kutoa zawadi kwa kuongeza moja: 101, 501, 1,001. Wazee husema zawadi ya heri isigawanyike nusu kwa nusu. Hesabu inawaunga mkono. 101 ni namba tasa, isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Hata laki ikiongezwa moja hubadilika tabia: 100,001 ni 11 mara 9,091, na vigawo vyake ni vinne tu. Mbili haiigawi, wala tano.

Leo Msukuma auzaye pamba na Mgujarati mwenye duka husema laki kwa sauti moja, na hakuna aulizaye neno ni la nani. Mgeni huyo amekwisha kuwa mwenyeji. Tunawaombea waumini na majirani wote heri na baraka, na moja ya ziada.